Kusikiliza kamba na kaa: anza na pondo, waya baadaye

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Chwaka, Unguja. Tangu watu wajue kwamba natengeneza maiki za kuzamisha majini, wateja wangu wamekuwa wa namna mbili: mwenye simu iliyotumbukia baharini, na mwenye simu nzima anayetaka kuisikia hiyo bahari. Huyu wa pili huwa namwambia asitoe pesa kwanza. Chukua pondo la ngalawa, ule mti mrefu wa kuisukumia, nenda pwani.

Subiri maji yapwe mpaka yabakie ya magotini. Bamvua ndiyo nzuri, maana maji hukimbia mbali na unafika kwenye mawe kwa miguu. Vaa viatu vya mpira. Usisimame kwenye mchanga mtupu. Tafuta penye vipande vya matumbawe au majani ya bahari yaliyoshikana. Kita ncha ya pondo baina ya mawe, halafu upande wa juu ubane kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Sikio la pili lizibe kwa kidole. Kama huoni haya, liume pondo kwa meno. Utasikia vyema zaidi.

Kinachokuja ni mlio wa kukatikakatika, ta, tata, ta-ta-tatata, hauna mapigo na haukomi. Toa kichwa kwenye pondo, husikii kitu ila upepo. Sauti inayotoka chini ikifika kwenye uso wa maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Inayovuka ni kama sehemu moja tu katika elfu. Mti ndio unaoivusha, na mfupa wako unaipokea. Kwa sababu hiyohiyo, ukilala ndani ya ngalawa iliyotia nanga juu ya mwamba, ukabana sikio ubavuni, utausikia mlio uleule bila kifaa chochote. Ami yangu, aliyezeekea uvuvini, aliponiona nahangaika na waya alicheka: "We mwanangu, makelele hayo sisi tunalala nayo." Mlio alikuwa akiujua tangu utoto. Lakini mwenye mlio huo ni nani, hakuwahi kuuliza.

Ni kamba mdogo, wengi wao hawazidi urefu wa kidole, mwenye gando moja la kawaida na jingine lililovimba mpaka linakaribia nusu ya mwili wake. Mimi namwita kamba wa gando. Ukitaka kumwona, inua jiwe la tumbawe lililokufa, upande mmoja, polepole. Atapiga mkia na kurudi kinyumenyume kwenye kivuli. Jiwe lirudishe kama ulivyolikuta, la juu juu na la chini chini, maana vilivyoota chini ya jiwe vikipigwa na jua havimalizi siku.

Sasa mtazame gando. Kidole chake kimoja kinachezacheza na kina jino nene. Kidole cha pili hakichezi na kina kishimo cha kulipokea lile jino. Kamba hufungua gando, hulikaza kwa msuli, kisha huliachia kwa ghafla. Jino linaingia kishimoni na maji yaliyokuwamo yanafyatuka kwa mkupuo mwembamba wa kasi ya kama mita 25 kwa sekunde. Kasi hiyo inashusha mgandamizo wa maji mpaka kinatokea kiputo cha mvuke, na kiputo kikibanwa na maji ya pembeni kinabomoka: pa! Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mlio ni wa vidole kugongana. Mwaka 2000 Michel Versluis, Barbara Schmitz na wenzao wa Uholanzi na Ujerumani walimpiga picha kwa kamera ya kasi kubwa huku maiki iko kando, wakaona kwamba gando linapofunga hakuna kishindo cha maana. Kishindo kinakuja baadaye kidogo, kiputo kinapobomoka. Mwaka uliofuata wakaonyesha kuwa ndani ya kiputo hutokea mwako wa nuru, hafifu na mfupi usioonekana kwa jicho, na joto la angalau nyuzi 4,700 za Selsiasi. Haya yako chini ya majani ya bahari ambayo kina mama wanapita juu yake kila siku wakienda kwenye mwani wao.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanamaji wa Marekani walisumbuka na mlio huu kwenye vifaa vyao vya kusikilizia nyambizi. Watafiti wa California, Martin Johnson, Alton Everest na Robert Young, ndio waliowatambua kamba hawa kuwa wenye makosa, na mwaka 1947 wakachapisha walipokuwa wanapatikana: maji ya joto, kina kisichozidi sana mita 50, chini pawe na mawe na mashimo ya kujificha. Hiyo ni sifa ya mwambao wetu mzima. Kwa hiyo usihangaike kuuliza wapi pa kuwapata.

Hapa ndipo wengi wanapoishia. Wanarekodi mlio wa mwamba, wanaurusha kwenye simu za wenzao, wanaandika "kamba wanaongea". Huo ni umati. Ukisimama nje ya soko la Darajani ukasikia kelele, hujasikia mazungumzo ya mtu yeyote. Mazungumzo unayapata kwa kuwakaribia wawili.

Namna ya kufanya ni hii. Tafuta chombo cha plastiki kinachoona ndani, ukubwa wa beseni dogo, ukijaze maji ya bahari ya palepale na vipande viwili vya mawe. Tia kamba wawili wa aina moja waliolingana umbo. Kiweke kivulini, na usiwakalishe: maji ya beseni hupata joto upesi, warudishe walikotoka kabla hayajabadilika. Kisahani cha maiki nitakachokieleza huko mbele kibandike kwa utepe nje ya chombo, hakihitaji kuzibwa maji. Sasa acha kutazama simu, watazame wao. Kwanza watapapasana kwa masharubu. Kisha mmoja atafungua gando, atamwelekezea mwenzake, na atalipua, mara nyingi wakiwa wameachana kwa kama sentimita moja tu. Usitarajie kuona aliyejeruhiwa. Anayelipuliwa husimama, naye hujibu au hurudi nyuma. Schmitz na Jens Herberholz walilichunguza jambo hili kwa kamba wa Marekani wa jamii hiyohiyo, wakaeleza kwamba mkupuo wa maji unapokelewa na vinyweleo vilivyo juu ya gando la mpinzani. Yaani ujumbe wenyewe ni msukumo wa maji kwenye vinyweleo, pa! tunayoisikia sisi imefuatana nao.

Jambo hilo ulishike, kwa sababu linabadili namna ya kusikiliza viumbe hawa wote. Kamba na kaa hawana ngoma ya sikio. Chini ya masharubu madogo wana vijifuko vyenye vinyweleo, na kwa kamba wengi juu ya vinyweleo hivyo hukaa punje za mchanga. Kila wanapojivua gamba punje hupotea na inabidi waokote nyingine. Mwaka 1893, Alois Kreidl wa Vienna aliwaweka kamba mahali pasipo na mchanga ila unga wa chuma, wakajitilia unga wa chuma; kisha akawasogezea sumaku kwa juu, nao wakageuka tumbo juu wakidhani juu ndiko chini. Vijifuko hivyo ni vya mizani, na pia huhisi mtikisiko. Maiki ya majini hupima mgandamizo, wao wanahisi maji yanavyosogea huku na huku, na msogeo huo una nguvu karibu na hufa upesi mbali. Kwa hiyo rekodi yako ni ushahidi kwamba kuna aliyepiga. Kwamba kuna aliyepokea, utalijua kwa macho.

Baada ya hapo, ndiyo, njoo tuchome waya.

Unahitaji kisahani cha piezo cha milimita 27, kile cha shaba chenye duara jeupe katikati kinachokaa ndani ya saa za kengele na vidude vya kupigia alamu. Usinunue kipya, waombe mafundi kwenye makopo yao ya mikweche. Waya uwe wa maiki, wenye msuko wa kinga kwa nje. Waya wa taa utakuletea mvumo wa umeme. Moyo wa waya uchome kwenye duara jeupe, msuko kwenye shaba. Chuma cha lehemu kiwe cha moto kweli na kiguse kwa sekunde moja, mbili, uondoe, maana ukilipika lile duara linapoteza uwezo wake na kwa macho halionyeshi dalili yoyote.

Kuziba maji kuna njia mbili. Ya kudumu ni gundi ya epoksi ya chupa mbili, tabaka jembamba pande zote, na mahali waya unapoingia papakwe zaidi kwa sababu hapo ndipo maji hupenya. Ya haraka ni puto: tumbukiza kisahani ndani, jaza mafuta ya kupikia, toa hewa yote, kaza shingo kwa uzi wa nailoni. Hewa ikibaki hata kiputo kidogo itakula sauti. Silikoni ya dirishani iepuke kama inanuka siki. Siki hiyo hula shaba taratibu na baada ya wiki chache unakuwa na maiki bubu.

Unaichomeka wapi? Simu nyingi hazitaitambua, maana kisahani hakipitishi mkondo ambao simu huutafuta ili ijue kuna maiki. Tumia kinasa sauti kidogo chenye tundu la maiki. Tundu hilo kwa kawaida lina upinzani wa kiloohmu 2 hivi, na kisahani hiki kina uwezo wa kuhifadhi chaji wa kama nanofaradi 20, kwa hiyo sauti zilizo chini ya kilohezi 4 zitafifia. Kwa kamba wa gando hiyo ni faida tupu: mlipuko wake umejaa mpaka juu kabisa, kupita uwezo wa sikio la mtu, na kinachofifia ni ngurumo ya mawimbi na injini. Kwa kaa wanaopiga ardhi ni hasara, sauti zao ziko chini. Hapo tafuta tundu la gitaa, lenye megaohmu 1, nalo litakupa kila kitu kuanzia hezi 8. Wenye uwezo siku hizi wananunua HydroMoth, kidude kinachojirekodia chenyewe ndani ya kasha lake. Kizuri, lakini hakikufundishi kitu.

Majini, usiining'inize kutoka kwenye chombo. Kila wimbi likipiga ubavu utarekodi ngalawa. Ifunge kwenye boya dogo mbali na chombo, tia chubwi chini yake, na katikati ya ugwe weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kinyonye mtikisiko. Zima ile programu ya kinasa inayojipandisha sauti yenyewe. Rekodi kwa WAV, faili lisilobana sauti, kilohezi 48. Miezi mizuri ni ya maleleji, kaskazi ikiisha kabla kusi haijashika. Kusi ikishika huku mashariki mwa Unguja, kaa nyumbani uchome waya za watu. Saa nzuri kwenye miamba mingi ni magharibi na alfajiri, mlio unapochachamaa.

Ukirudi, fungua rekodi kwa Audacity, programu ya sauti ya kompyuta, ibadilishe kutoka mawimbi iwe spektrogramu, yaani picha inayoweka sauti nzito chini na nyembamba juu. Kamba wa gando anaonekana kama mstari uliosimama wima, mwembamba, kutoka chini mpaka juu. Samaki ni madoa ya chini, na ukitumia tundu la maiki huenda usiyaone kabisa. Kati ya Julai na Oktoba, ukiwa na tundu la gitaa, unaweza kukuta mistari iliyopinda kama imeandikwa kwa mkono; huyo ni nyangumi wa nundu amepita nje ya mwamba, mpe heshima yake uendelee. Ukiona mistari mingi ya wima imepangana karibukaribu kwa muda mfupi, ikatulia, ikarudi tena, simama. Huyo ni kamba koche, yule mkubwa wa miiba asiye na magando.

Koche ndiye ninayempenda kuliko wote, kwa sababu unaweza kumsikiliza kwa vidole. Mvuvi anapomtoa, omba umshike kabla hajamtia tengani. Mshike mgongoni kwa kitambaa, miiba yake haina mchezo. Atarusha masharubu nyuma, na kila akirusha utahisi mtetemo mkononi na kusikia kiii-rik, kiii-rik. Wavuvi husema analia. Sogeza jicho pale sharubu kubwa linapoanzia, chini kidogo ya jicho lake. Kuna kijipande laini kinachoteleza juu ya ukingo uliong'aa. Kinanasa, kinaachia, kinanasa, kinaachia, mara nyingi sana kwa mrusho mmoja. Sheila Patek aliyeeleza jambo hili mwaka 2001 alilifananisha na upinde wa fidla unavyotoa sauti kwenye uzi, na yeyote aliyekaa karibu na mpiga fidla wa taarabu, karibu kiasi cha kusikia manyoya ya upinde yakikwama, ataelewa mara moja. Wadudu wanaokwaruza huhitaji sehemu ngumu zigongane meno kwa meno. Koche hahitaji, ndiyo maana hata akiwa amejivua gamba karibuni, laini kama karatasi iliyolowa, bado anatoa sauti, siku ambazo hana silaha nyingine.

Sauti hiyo anamwambia nani? Zaidi, anayetaka kumla. Huko Florida, Bouwma na Herrnkind walilinganisha koche waliokuwa na sauti na walionyamazishwa, wakawakutanisha na pweza. Wenye sauti walijinasua zaidi. Na sauti inasafiri: kwa koche wa Ulaya, watafiti wa Ufaransa walikadiria mwaka 2020 kwamba wakubwa kabisa wanaweza kusikika na vifaa mpaka kilomita 3 bahari ikiwa tulivu. Kumrekodi usiku shimoni mwake, teremsha maiki mpaka mdomo wa shimo, usiingize mkono. Mkunga hukaa mashimo hayohayo. Koche mwenye mayai muache kabisa. Na kabla hujatia waya wowote majini, pita kwa kamati ya wavuvi ya shehia ueleze unachofanya, la sivyo utaonekana mtu wa baruti.

Kaa wa pwani hawahitaji boya. Chukua kisahani chako, kigandishe kwenye kichwa cha msumari wa inchi sita, ukite msumari mchangani kando ya shimo la kaa, yule mweupe wa mchanga anayekimbia upande na macho yamesimama. Fanya hivi usiku, taa uifunike kitambaa chekundu, ukae kimya mpaka atoke. Kwetu wako wa aina zaidi ya moja, na hawana ala moja. Mwenye vipembe juu ya macho, ukimkamata na kuligeuza gando kubwa, upande wa ndani utaona mstari wa vijino vilivyopangwa. Hulikunja gando na kuvikwaruza. Yuko mwingine asiye na vipembe wala mstari huo, kwa hiyo usimlaumu msumari wako kama huyo hakukupa kitu.

Jamii hii ya kaa wa mchanga ina na ala ya pili, ambayo ilinifanya nicheke peke yangu nilipoisoma. Mwaka 2019 Jennifer Taylor na wenzake walichapisha uchunguzi wa kaa wa jamii hii wa pwani ya Atlantiki ya Marekani. Waliona kaa amenyoosha magando yote mawili kutisha, hayagusani, na bado ananguruma. Wakampiga picha za eksirei, wakakuta anasaga meno yaliyomo tumboni, yale ya kusagia chakula, na mngurumo ule ni wa hayo meno. Magando yanabaki huru kwa kazi nyingine. Kumjaribu wa kwetu, msogezee kijiti chenye ukubwa wa kaa mwenzake, usimguse, na usikilize kwa tundu la gitaa. Sauti iko chini ya kilohezi 2. Akirudi shimoni mara mbili, muachie usiku wake.

Kule mikokoni, msumari huohuo uchomeke kwenye tope maji yakishapwa, karibu na wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa la rangi. Mchana dume hulipunga gando kumwita jike. Giza likiingia na kupunga hakuonekani, madume wa aina kadhaa hupiga ardhi kwa gando mlangoni mwa shimo, na jike huupokea mtikisiko kwa miguu. Hatua zako mwenyewe zitaharibu kila kitu, kwa hiyo kaa juu ya mzizi wa mkoko, usijisogeze, na hesabu mapigo ya mmoja kabla na baada ya jike kupita. Yakiongezeka anapokaribia, una jambo la kuandika daftarini: saa, maji yalivyokuwa, nani alikuwa wapi, nini kilifuata. Faili lisilo na maelezo hayo ni kelele tu, hata liwe safi vipi.

Kisahani kioshe kwa maji ya mfereji kila ukirudi. Na ukitaka mimi nisikilize ulichokipata, usinitumie kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ile hubana sauti kwa ajili ya maneno ya watu, ikakata zote za juu, na kamba wako wote wanageuka mvua ya mbali. Itume kama faili, au ilete kwenye kadi. Duka liko wazi baada ya alasiri.